Kuota Moto, Kuota Jua: Wiki ya Kipupwe Njombe na Makete

Jumatano: Dar es Salaam hadi Njombe

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshafika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi: mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka minane, mabegi yamevimba kwa masweta ya mitumba tuliyoyachambua Ilala siku mbili mfululizo. Muuza karanga mmoja alitutazama, akaangua kicheko.

"Kaka, mnahamia Ulaya?"

"Tunaenda Njombe."

Kicheko kikakatika. "Njombe mwezi huu? Basi ongezeni soksi."

Sisi watu wa Dar kipupwe chetu ni cha kuchekesha. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikishika, tunapunguza feni kutoka namba tatu hadi namba moja, tunajifunika kanga, asubuhi tunaambizana kwamba siku hizi kuna baridi. Mke wangu ni Mbena aliyezaliwa Njombe akakulia Temeke, na kila mwaka maneno hayo humtia hasira. Mwaka huu akasema basi, twende mkaione yenyewe. Mimi nilitaka kusubiri Desemba nikaone maua ya Kitulo. Akanijibu kwamba maua hata kwenye simu yanaonekana, lakini baridi haipigwi picha.

Kiti changu kilikuwa cha dirishani na dirisha lenyewe halikufunga mpaka mwisho. Ilibaki nafasi ya vidole viwili. Hadi Mikumi nilikuwa mfalme. Abiria wengine wanajipepea kwa tiketi, mimi napigwa na upepo huku nikihesabu swala kando ya barabara. Ruaha Mbuyuni bado palikuwa na joto, vijana wanakimbiza basi na mafungu ya vitunguu. Tulipomaliza kupanda Kitonga na kupita Ilula, upepo ule ukabadilika tabia. Mafinga nikavaa sweta la kwanza. Nyololo nikaziba ule mwanya kwa gazeti la jana, na Makambako, jua likizama, gazeti lilipuliziwa ndani likampiga usoni mama wa kiti cha nyuma. Nilimwomba radhi. Akasema, "Hapa ni Makambako, baba, upepo ndiyo wenye mji."

Njombe tulishuka karibu saa mbili usiku. Mtoto alikanyaga chini, akafungua mdomo kuuliza kitu, akaona moshi unamtoka. Swali likamtoka kichwani. Akapuliza tena, kisha tena, kisha akawa lori la mbao linalopanda mlima, na hivyo ndivyo alivyotembea hadi nyumbani kwa Mama Mkubwa, akinguruma na kutoa moshi.

"Kamwene! Karibuni, wanangu. Baridi haijawagandisha?"

Niliingia nikielekea sebuleni, kwa sababu huko ndiko mgeni anakokaa. Kulikuwa na giza na makochi yamefunikwa vitambaa. Mama Mkubwa akanishika mkono. "Huko hakukaliwi mwezi huu." Akatupeleka jikoni, jiko la nje, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, katikati mafiga matatu na sufuria ya maji juu yake. Palikuwa na vigoda vitano. Sote tukakaa tumebanana, magoti yanagusana, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikaa na ukweni bila televisheni kuwashwa.

Alhamisi: Njombe mjini

Kitandani kulikuwa na mablanketi matatu mazito, na miguuni, chupa ya soda ya lita moja na nusu iliyojazwa maji ya moto ikafungwa kwenye kitenge. Chupa ile ni uvumbuzi wa Mama Mkubwa. Maji yasiwe ya kuchemka kabisa maana plastiki itakunjamana, na kizibo kikazwe na mwanaume. Nilitoa miguu nje ya blanketi mara moja tu usiku, kwa mazoea ya Dar. Sikurudia.

Asubuhi nilijifunza mambo ya ukuta.

Kila nyumba hapa ina ukuta mmoja unaotazama mashariki, na katika kipupwe ukuta huo ni mali kuliko sebule. Kuanzia kama saa moja na nusu, jua likishavuka miti, watu wanatoka mmoja mmoja na vikombe vyao, wanaegemea mgongo, wanafumba macho. Hakuna anayezungumza dakika kumi za mwanzo. Bibi wa jirani alikuja na kigoda chake, akakiweka, akakaa, akavuta kitenge, akaachia pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu saa nane usiku. Kivuli cha mti kikisogea, safu nzima inasogea nacho, kigoda kwa kigoda, bila mtu kutoa amri.

"Hii ndiyo kuota jua," mke wangu akamwambia mtoto.

"Na jana usiku?"

"Jana tuliota moto."

"Na nikilala naota ndoto." Akafikiri. "Mama, huku watu wanaota tu."

Bibi aliyefumba macho akacheka bila kuyafumbua.

Chai ilikuwa ya rangi, tangawizi imepondwa si kwa ustaarabu, majani ya hapahapa maana mashamba ya chai ya Kibena yako jirani na mji. Kikombe cha bati kinaunguza vidole na ndivyo kinavyotakiwa. Nimekunywa chai maisha yangu yote kwa sababu ya sukari na vitafunwa. Leo nimeinywa kwa sababu ya mikono. Unakishika kwa viganja viwili, unakipeleka shavuni, upande wa kulia, upande wa kushoto, na kunywa kunakuja mwishoni kabisa.

Mchana jua lilikuwa kali na zuri, watu wakavua makoti. Tulitembea hadi maporomoko ya Mto Ruhuji pembeni ya mji, tukapigwa na manyunyu, tukarudi haraka. Sokoni nilinunua mzula wa bluu. Muuzaji aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Dar, akanipandishia bei mbele ya macho yangu, kisha akaona masikio yangu yalivyo mekundu akaishusha.

Ijumaa: Njombe hadi Makete

Zamani, wanasema, barabara hii ilikuwa adhabu. Sasa ni lami, zaidi ya kilomita 100 za kupanda na kushuka, misonobari kulia, miwati kushoto, malori ya mbao yanashuka yakinuka utomvu. Mtoto alitapika mara moja. Mengine sina la kusema kuhusu njia.

Tulikuwa tunaenda kwa binti wa Mama Mkubwa, aliyeolewa Ukingani. Mumewe ni mwanyumba wangu, yaani mimi na yeye tumeoa kwa mama mmoja wa ukoo, na kwa hiyo tunaruhusiwa kutaniana mpaka watoto waone aibu. Kijiji chao kiko juu, baada ya Makete mjini, mteremko mkali upande mmoja na bonde upande mwingine. Baba yake mwanyumba, mzee wa miaka themanini na kitu, alikuwa amekaa mlangoni ndani ya kabuti la kijeshi linalomfika vifundoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huyu ndiye wa pwani? Msogezeni motoni kabla hajafa."

Nilimuuliza kama tutapata ulanzi, maana sifa za pombe ya mianzi nimezisikia tangu chuoni. Akanitazama kwa huruma. Ulanzi ni wa mvua, akasema. Mwanzi unakatwa ncha wakati machipukizi yana maji. Mwezi wa saba mwanzi umefunga mdomo. "Kila kitu kimefunga mdomo sasa hivi. Sisi wenyewe tunafungua kwa ajili ya viazi tu."

Basi niandike habari ya viazi.

Huku viazi mviringo si chipsi. Baada ya chakula cha jioni, ugali na maharage na figiri, wakati moto umeanza kulala, mwanyumba alichukua kijiti akafukua majivu upande wa kulia wa figa, ule wenye makaa madogo, akalaza viazi kumi na vitatu visivyooshwa, udongo wao ukiwa juu yao. Akavifunika majivu ya moto, kisha majivu ya baridi, kisha makaa machache juu. Nikauliza kwa nini visioshwe. Kikiwa na maji, ngozi inachemka badala ya kuchomeka, inalegea, na majivu yanaingia ndani. Kikiwa kikavu ngozi inakuwa gome. Halafu hakuna anayekigusa. Zinapigwa hadithi. Babu alieleza jinsi Wakinga wa umri wake walivyoondoka milimani kwenda kufanya biashara, na kwa nini ukiingia duka lolote Makambako au Mbeya ukasalimia Kikinga una nafasi nzuri ya kupunguziwa. Kiazi cha kwanza kikatoa sauti, *pfff*, majivu yakaruka kidogo, kama mtu amepiga chafya chini ya blanketi. Hiyo ndiyo saa.

Kinatolewa kwa kijiti, kinarushwa kutoka kiganja hadi kiganja, kinapigwa makofi kuondoa majivu, kinavunjwa katikati. Hakikatwi kwa kisu. Mvuke unapanda, unaweka uso juu yake kwanza. Ndani ni njano, unga mtupu, na kwenye gome pamebaki ladha ya moshi. Chumvi ya kuchovya ilikuwa kwenye kifuniko cha birika. Mtoto wangu, ambaye nyumbani anabembelezwa ale, alikula vinne, akalala palepale amekaa, kipande cha tano mkononi. Walipotaka kumtoa kile kipande, alikibana.

Jumamosi: sakitu

Babu alituamsha kabla ya jua. Aligonga ukuta kwa bakora. "Wa pwani! Njoo uone kilichotujia usiku."

Vitabuni kinaitwa sakitu. Hapa nilisikia wakisema barafu tu. Nje hapakuwa na upepo, wala mbwa kubweka, na bonde lote chini yetu lilikuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga wa muhogo. Juu, tuliposimama sisi, majani yalikuwa na umande wa kawaida. Mstari ulionekana kabisa: huku kijani, kule kweupe.

Nilidhani baridi ingekuwa kali zaidi juu. Babu akanieleza kwa bakora yake. Usiku usio na mawingu, ardhi inaachia joto lote linakwenda zake mbinguni. Hewa iliyopoa ni nzito, inateremka polepole kama maji ya mfereji, inakwenda kujaa bondeni, na huko chini ndiko inakolala na kugandisha. Ndiyo maana nyumba za wazee ziko mteremkoni, si bondeni karibu na maji. "Anayejenga bondeni ana uvivu wa kuchota," akasema.

Tulishuka. Nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya mabuti, *kwach, kwach*. Nilichuma jani moja la mgagani nikaliweka karibu na jicho: kando yake kote kulikuwa na vijiti vyeupe vidogo vimesimama wima, vinene kama uzi wa kushonea, vimepangana kama meno ya kitana. Nilipumua kwa bahati mbaya, safu moja ikatoweka. Nikashusha jani na kuziba mdomo kama mtu aliyeropoka msibani.

Chini kabisa kuna vinyungu, vile vishamba vya bondeni vinavyolimwa kiangazi kwa unyevu wa mto. Jirani mmoja alikuwa amesimama kwenye chake. Viazi vyake vya mwezi mmoja vilikuwa bado vyeupe na vyenye kupendeza, mpaka jua lilipofika. Ndipo nikaona. Majani yanayeyuka, yanakuwa kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto, na ndani ya saa moja yameanza kuwa meusi. Hapo ndipo wanaposema viazi vimeungua, na kweli vimeungua, kwa baridi. Jirani alihesabu matuta: kumi na moja ya chini yamekwenda, sita ya juu yamepona. Akatusalimia, akauliza habari za Dar, akauliza bei ya gunia la viazi huko. Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akainama kuokoa mashina ya pembeni. Sikupiga picha tena baada ya hapo.

Tuliporudi, mtoto alikuwa amegundua beseni la kunawia lililoachwa nje. Juu ya maji palikuwa na kigamba cha barafu chembamba kama kioo cha taa ya chemli. Alikitoa kizima, akakishika mbele ya uso wake, akatutazama sote kupitia humo, mmoja mmoja, akitutangaza kama mtangazaji wa mpira. Kisha akakiweka kwenye sahani, akaificha sahani uvunguni mwa kitanda ili aende nacho shule.

Mchana alilia. Tulimwambia kimekuwa maji. Alijua kimekuwa maji; alichokuwa analilia ni kwamba mtu ameyamwaga.

Jumapili

Ukungu tangu asubuhi hadi jioni. Uliingia mlangoni, nadhani ukakaa nasi. Tulisikia kwaya kutoka kanisani lakini kanisa lenyewe hatukuliona. Tulimenya njegere beseni zima, wanaume na wanawake, hakuna aliyekuwa na mahali pa kwenda. Nililala mara mbili mchana kama mtoto mchanga.

Jambo moja niliandike, maana linaua. Usiku mke wangu alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Yule mzee, ambaye tangu tufike hajawahi kupandisha sauti, alipandisha. Mkaa ukiwaka chumba kimefungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala wakiwa na furaha ya joto, asubuhi hawaamki. Huku kila mtu anajua familia iliyopatwa. Moto unaotwa jikoni, mlango uko wazi kidogo, kisha unauacha hukohuko na kwenda kulala na blanketi. Na chupa ya maji ya moto.

Jumatatu: Kitulo, Matamba, kona 57

Tulikodi Land Cruiser ya zamani ya rafiki wa mwanyumba, yenye heater iliyofanya kazi upande wa dereva peke yake.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005, kama kilomita za mraba 412, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yanayotoka mvua zikianza, kuanzia Novemba hadi Aprili. Sisi tumefika Julai. Bustani ilikuwa na rangi ya nywele za mzee. Nyasi kavu hadi upeo wa macho, upepo unazilaza zote upande mmoja, na kwa mbali mlima Mtorwi, mita 2,961, umesimama bila wingu hata moja. Tuliposhuka garini tulisimama tumegeuza migongo kwa upepo kama ng'ombe, na ng'ombe wenyewe, wale wa maziwa wa shamba la Kitulo, tuliwapita mbele kidogo nao wamesimama hivyohivyo.

Nilijiandaa kusikitika kukosa maua, nikashindwa. Mwanyumba alinionyesha ardhi. Okidi za huku zina viazi vidogo chini, humo zimejificha na chakula chao mpaka mvua. Ndivyo vile viazi vilivyokuwa vikichimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, kilo kwa kilo, mpaka watu wakaogopa maua yatakwisha. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuifanya hifadhi. Kwa hiyo maua yote yako hapa, tumeyakanyagia juu, yamelala. Mtoto akaanza kutembea kwa ncha za vidole.

Matamba tulikunywa maziwa ya moto kwa mama mmoja mwenye genge, kikombe kina utando wa mafuta juu ambao tuliugombania. Kisha ikaanza ile barabara ya kushuka Usangu, inayojulikana kwa kona zake 57. Mke wangu alipewa kazi ya kuzihesabu akakosea kwenye ishirini na kitu. Mimi nilihesabu kwa nguo. Kona za mwanzo mzula. Katikati koti. Baadaye sweta la juu, la chini, soksi. Chimala nilishuka nimevaa fulana, jua la Usangu linachoma, watu wanakunywa soda baridi, na kiti cha nyuma kuna rundo la nguo kama tumeibia duka.

Jumatano tena: Dar

Tulifika jana usiku. Nimeleta debe moja la viazi. Nimejaribu kuchoma kimoja kwenye jiko la gesi na sitaki kulizungumzia.

Sweta langu linanuka moshi. Mke wangu alilitupa kwenye kapu la nguo chafu, nikalitoa, akalitupa tena, sasa limetundikwa nyuma ya mlango na hatuliongelei.

Saa nane usiku nilikwenda kumwangalia mtoto. Feni iko namba tatu, amejifunika blanketi mpaka kichwani, anatoka jasho, na miguuni, nilipopapasa, kulikuwa na chupa ya soda imefungwa kwenye kanga ya mama yake. Maji yake yalikuwa ya bomba.